Kula Njiani, Kutoka Nyakanazi hadi Kibimba

Basi halijasimama sawasawa Nyakanazi, tayari yai limeshafika dirishani. Muuzaji ameinua trei juu ya kichwa, na abiria akikubali kwa jicho tu, kazi imeanza: ganda linamenywa kwa kidole gumba, yai linapasuliwa katikati, linatiwa chumvi na kijiko cha kachumbari yenye pilipili, kisha linakabidhiwa juu ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Hesabu za mtoto wa watu zinasomeka chini ya kiini. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, madaftari yaliyojaa yamepata kazi ya pili, na ule mfuko mweusi uliobeba kila kitu, kuanzia muhogo wa kuchoma hadi mishikaki, umebaki kwenye simulizi.

Makala haya yanahusu kula na kunywa kwa mtu aliye safarini katika wilaya za Biharamulo na Ngara, Mkoa wa Kagera, hadi Kibimba, mojawapo ya kata za Ngara. Ni eneo la vyungu viwili. Chungu cha kwanza ni cha barabarani, nacho hakina kabila: wali maharage wa Nyakanazi hautofautiani na wa Singida wala wa Chalinze. Chungu cha pili kiko ndani, mbali na lami, nacho kinapika ndizi na maharage kwa lugha ya wenyeji, Wahangaza na Washubi. Msafiri anayepita bila kuteremka huondoka akiamini ameionja Ngara, kumbe ameionja barabara.

Barabara yenyewe ndiyo ile itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, na kumalizikia Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Anayetoka Kahama akifika Nyakanazi, akikata kushoto anaingia Kakonko, Kibondo na Kigoma. Akinyoosha anafika Lusahunga, ambako njia inagawanyika tena, moja ikienda Biharamulo mjini na Bukoba, nyingine ikiendelea kupitia Nyakahura hadi Benaco na Rusumo. Maeneo ya Benaco ndipo inapochepuka njia ya Ngara mjini na ya Kabanga, mpakani mwa Burundi. Kila penye njia panda pana moshi wa jiko. Uingereza, barabara kuu ya M1 ilipofunguliwa Novemba 1959, kituo cha kula cha Watford Gap kilifunguliwa pamoja nayo, kikiwa kimechorwa kwenye ramani tangu mwanzo. Huku hakuna aliyechora. Lori liliharibika, dereva akasikia njaa, mama mmoja akaleta sufuria. Kesho yake wakaja akina mama watatu.

Hoteli si pa kulala

Mgeni huweza kupotezwa na maneno. Hoteli, kwa matumizi ya huku, ni chumba chenye meza, viti vya plastiki, jagi la maji ya kunawa na harufu ya vitunguu. Pa kulala ni gesti. Mgahawa, neno lililozaliwa na kahawa, ni hoteli iliyojitahidi kidogo: ina kitambaa mezani na pengine orodha ya vyakula ukutani, ambayo nusu yake haipo siku hiyo. Grosari haiuzi sukari wala sabuni. Ni baa ndogo, mara nyingi kibanda chenye friji moja na benchi mbili. Na kilabu hakihusiani na mpira: ni pa kunywea pombe ya kienyeji. Biharamulo mjini lipo pia boma la Wajerumani, jengo la ngome lenye kuta nene, ambalo limewahi kutumika kupokea wageni, lakini anayetafuta supu ya asubuhi ataikosa huko na kuipata stendi.

Chini ya hayo yote, au juu yake ukihesabu idadi ya sahani, yuko mama ntilie. Jina limetokana na ombi la mteja anayesogeza sahani: "Mama, nitilie." Serikali na halmashauri hupendelea kusema mama lishe, jina lenye adabu zaidi, lakini mwenye njaa halikumbuki. Mama ntilie hana orodha. Unamsalimu, unauliza, "Mama, leo kuna nini?" naye anafunua hotpoti moja baada ya nyingine, anakuonyesha: wali, ugali, maharage, dagaa, nyama ya kuchemsha, mchicha. Kumwita "dada" si kosa akiwa kijana, ila "mama" huongeza upawa.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Kwa mama ntilie unakula kwanza, unalipa ukisimama, na kumlipa kabla ya kula ni kama kumwambia humwamini. Hoteli kubwa za vituo vya mabasi zinageuza mambo: unapanga foleni, unalipa kaunta, unapewa kikaratasi, ndipo unapakuliwa, kwa sababu basi likipiga honi watu mia hawawezi kufuatwa madirishani kudaiwa. Mtanzania akifika Uingereza hukutana na hali inayofanana nayo katika baa zao za jadi: mteja huinuka mwenyewe, huagiza kaunta na kulipa hapo hapo. Aliyezoea kufuatwa mezani anaweza kukaa hadi jiko lifungwe, akijiuliza kwa nini wanamchukia.

Siku hizi mama wengi wana namba ya kulipia kwa simu, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi. Ni nafuu kwa mwenye noti kubwa, kwa kuwa neno "chenji hakuna" ndilo lililowahi kuwapotezea abiria wengi pesa wakati gari linaondoka.

Saa ya konda

"Dakika kumi na tano! Kula na kuchimba dawa!" Konda akishatamka hivyo, abiria mzoefu hafikirii tamaa yake, anafikiria saa. Kuchimba dawa, yaani kujisaidia, kunakula dakika tano. Zilizobaki hazitoshi kukaanga kitu. Kwa hiyo huagizi chipsi, huagizi samaki wa kukaanga kama hajakaangwa tayari, na kuku huwezi hata kumtaja. Unachukua kilichokwisha kuiva: wali maharage, supu na chapati, ndizi za kuchemsha kama zipo. Chai ndiyo mtego mkubwa kuliko wote. Inakuja inachemka, nawe una dakika nne. Wazee huimimina kwenye kisahani na kuivuta taratibu. Vijana huomba kikombe kitupu na kuihamisha huku na huku mpaka ipoe. Mimi nimewahi kuacha nusu ya kikombe mezani na kupanda gari nikiwa na ulimi ulioungua, na jirani yangu wa kiti, mama mtu mzima, alinitazama tu akaendelea kumenya chungwa lake alilotoka nalo nyumbani.

Nani anaamua basi lisimame wapi? Kwa kawaida ni dereva, na hoteli zinalijua hilo. Yeye na konda wake hukaribishwa pembeni, sahani zao huja zimejaa, na hawapangi foleni. Si hongo kwa maana ya mahakamani, lakini nimegundua kwamba hoteli yenye supu nzuri kwa dereva haina lazima ya kuwa na supu nzuri kwa abiria.

Saa ya konda ilikuwa na umbo jingine zamani. Kuanzia miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku, katazo lililoondolewa mwaka 2023. Kwa muda wa kama miaka thelathini, safari ya Dar es Salaam hadi Ngara ilikuwa na usiku mzima katikati yake: basi lililala njiani, Kahama kwa mfano, abiria wakatawanyika kwenye gesti, na wengine wakalala vitini kuokoa pesa. Chakula cha jioni kilikuwa chakula kweli, cha kukaa chini, na alfajiri supu iliuzwa kwa taa. Isitoshe, mapori ya Biharamulo na Ngara yalikuwa na majambazi wa barabarani, na kwa miaka mingi magari yalisindikizwa na askari wenye silaha, yakingoja yajikusanye kwanza. Kungoja nako kunaleta njaa, na njaa inaleta muuza karanga. Usalama uliporudi na usiku ulipofunguliwa, basi linapita Lusahunga saa ambayo mama ntilie amelala. Maendeleo hayo yamemwachia biashara kijana wa chipsi, anayekesha na jiko lake la mkaa.

Kilichomo kwenye sahani

Asubuhi ni ya supu. Supu ya ng'ombe au ya mbuzi, ya kongoro kwa mwenye safari ndefu, ya utumbo kwa anayebana matumizi, pamoja na chapati mbili, ndimu na pilipili mbuzi. Asiyetaka nyama anapata chai na maandazi, vitumbua au muhogo wa kuchemsha. Mchana na jioni ni ugali au wali. Ugali wa mahindi umeenea, lakini ukanda huu unajua vizuri ugali wa muhogo, mweusi kidogo, unaovutika, unaotaka mchuzi mzito. Aliyekulia mjini huutafuna, wakati wenyeji huumeza. Kisamvu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ukivuka mpaka huitwa isombe, na mchicha unageuka lengalenga.

Samaki wa Biharamulo wana kisa cha kiutawala. Hadi mwaka 2005 wilaya hiyo ilifika Ziwa Victoria. Chato ilipomegwa kuwa wilaya, pwani ikaenda nayo, na mwaka 2012 Chato ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Sato anayekaangwa leo Biharamulo mjini kwa kawaida ametoka mkoa mwingine, ingawa hajasafiri mbali zaidi ya alivyosafiri babu yake. Ngara haina ziwa kubwa. Inategemea dagaa waliokaushwa, sangara waliokaangwa wakaletwa, na kambare wa mito ya Ruvubu na Kagera.

Ndizi ndiyo chakula ambacho mgeni huja akikitarajia Kagera na barabarani hakipati kwa uhakika. Sababu moja ni saa ya konda: ndizi hazipendi kukaa kwenye hotpoti, zinakauka na kuwa ngumu. Sababu nyingine ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Mgomba hukauka majani, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na dawa hakuna. Kilichobaki ni kung'oa na kuchoma, kukata ua dume kwa kijiti badala ya kisu na kusafisha panga kwa moto. Kaya zilizokuwa zikila ndizi kila siku zilihamia ugali na viazi kwa sehemu ya mwaka, na kilichopungua nyumbani hakikupelekwa stendi.

Jioni nyama choma hupimwa kwa kilo, nusu na robo, na kitimoto hupata wateja wake bila kujificha sana, kwani Ukristo umeenea Ngara. Rulenge ni makao ya jimbo Katoliki la zamani. Mwislamu anayesafiri haoni tabu: hoteli za Waislamu na buchari za halali zipo miji yote ya njiani, na ukiuliza unaelekezwa bila maneno. Chipsi mayai, au zege kwa vijana, haihitaji maelezo. Ipo kila mahali na inafanana kila mahali, na ndiyo maana wapo wanaoipenda.

Benaco na Rusumo

Benaco ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Kambi yake iliacha jina, na jina likaingia kwenye habari za dunia mwaka 1994: kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbia mauaji, na wengi wakapiga kambi Benaco. Katika wiki chache mahali pasipokuwa na mji palikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi. Masoko yalizuka, na ndani ya masoko hoteli, baa na mabucha, vikiezekwa kwa maturubai ya misaada. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walikaa Lukole, Ngara hiyo hiyo, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008. Kambi ziliondoka, mji mdogo ukabaki, na mazoea ya kupikia umati wa watu wasiojuana yakabaki pia.

Leo umati huo ni wa malori. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha kilichofupisha foleni, lakini foleni fupi ya lori bado ni ndefu kwa tumbo. Madereva hawategemei hoteli peke yake. Utingo anafungua sanduku ubavuni mwa lori, anatoa jiko la gesi au la mkaa, sufuria, unga na nyanya, na ugali unasongwa kwenye kivuli cha trela. Mboga inanunuliwa kwa mabeseni yanayopita. Ng'ambo ya mto mshikaki unaitwa brosheti, vipande vyake vikubwa kuliko vyetu na aghalabu ni vya mbuzi. Upepo wa Kinyarwanda na Kirundi unavuma mpaka Ngara mjini na Kabanga, na si ajabu kukuta bia ya Primus mezani kwa mtu anayelipa kwa shilingi.

Baridi au ya moto?

Ukiagiza soda utaulizwa, "Baridi au ya moto?" Ya moto haijapashwa, ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Swali lina maana Ngara kuliko Dar es Salaam, kwa sababu milimani asubuhi kuna ubaridi, na wapo wanaoichagua ya moto kwa hiari. Chai ni ya rangi au ya maziwa, na ya maziwa hapa huwa na maziwa kweli, kwa kuwa wafugaji wako jirani. Kagera ni mkoa wa kahawa, na Wahaya wana desturi ya kumpa mgeni buni zilizochemshwa na kukaushwa azitafune. Hotelini, hata hivyo, ukisema kahawa unaletewa maji moto na kopo la Africafé. Angalau Bukoba kipo kiwanda cha kahawa ya aina hiyo, Tanica.

Bia ya Kanda ya Ziwa ni Balimi, jina lenye maana ya wakulima kwa Kisukuma. Pombe kali za viroba, zilizokuwa zikinywewa hadi ndani ya mabasi, zilipigwa marufuku Machi 2017, na konda yeyote atakwambia kwamba safari zilipungua ugomvi. Gongo ni kosa kisheria na ni hatari kwa macho na maini. Itoshe kusema hivyo.

Kinywaji chenye makao hasa hapa ni pombe ya ndizi, rubisi kwa Wahaya, urwagwa kwa Wanyarwanda na urwarwa kwa Warundi, majirani wa Ngara. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa shimoni au juu ya moto mdogo, humenywa, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Nyasi ndizo zinazotenga maji na nyama ya ndizi. Maji hayo matamu huchujwa, hupewa watoto kidogo, na yanayobaki hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake, au keshokutwa kukiwa na baridi, ni pombe: ya kahawia, chachu kidogo, na nyepesi kwa aliyezoea bia mpaka anapotaka kusimama. Hunywewa kwa kibuyu na mrija, ingawa kilabuni jagi la plastiki limechukua nafasi. Inaharibika upesi, haivumilii kusafirishwa, na ndiyo sababu barabarani haionekani.

Kunawa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa homa ya Marburg, na wilaya iliyotajwa ni Biharamulo. Ulikuwa wa pili mkoani baada ya ule wa Bukoba Vijijini wa mwaka 2023. Watu kumi walifariki, na tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ulitangazwa kwisha. Marburg haienezwi kwa sahani ya wali iliyoiva, bali kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na mwenyeji wa virusi ni popo wa matunda. Lakini ndoo za maji yenye bomba na sabuni zilirudi milangoni, kama ilivyokuwa wakati wa korona, na mteja alinawa kabla hajasalimia.

Utaratibu wa zamani unabaki mzuri kuliko ndoo: mhudumu anakuja na jagi na beseni, anakumiminia maji ya uvuguvugu, anakumiminia tena ukimaliza. Kwa msafiri, alama za mahali pa kula ni chache: maji ya kunawa yapo, chakula kinatoka moshi, na wateja wa jana wamerudi leo. Kachumbari iliyokaa juani tangu asubuhi iachwe. Maji ya kunywa ni ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na kumuuliza mama kama ameyachemsha si tusi, ukianza na "samahani".

Kibimba

Ukiacha lami, hesabu inageuka. Katika kata za ndani kama Kibimba hakuna basi linalopiga honi, kwa hiyo hakuna chakula kinachongoja. Sokoni siku ya gulio utapata maandazi, chai na nyama choma. Siku nyingine chakula ni cha kuagiza. Unafika asubuhi, unasalimia, unasema mko wangapi na mtakula nini, unaacha pesa ya kuku, unakwenda kwenye shughuli zako. Dereva wa bodaboda ndiye wakala: yeye anajua nyumba gani inapika na nani ana jogoo wa kuuza. Hapa ndipo kumlipa mpishi kabla si dharau, maana bila hivyo huyo jogoo hakamatwi.

Saa sita au saa saba unarudi, na bado. Kuni zimelowa, au maharage yalichelewa kuiva. Unapewa kigoda kivulini. Chungu kikifunuliwa, ndizi na maharage vimepikwa pamoja mpaka vimeshikana, mafuta kidogo, chumvi, pengine nyanya chungu, na hakuna hotpoti duniani inayoweza kukihifadhi chakula hicho kikabaki vile. Kuku anakuja kwenye bakuli lake na mchuzi mwembamba wa manjano. Mwenyeji anazungusha kijiko chini ya bakuli akitafuta kitu, anakipata, anakiweka upande wako wa sahani bila kusema neno. Ni firigisi.